Maji Yaliisha Kilomita ya 15. Twende Tena?

Mwalimu,

Mimi ni dereva wa bodaboda Kibondo mjini, umri wangu miaka 34. Tuna kikundi cha jogingi. Jumamosi alfajiri tunashika barabara ya Mabamba na kugeuza kabla abiria hawajaanza kutafuta usafiri. Kasulu nako kuna wenzetu wanaofanya mazoezi kwenye miinuko ya Heru Juu. Mwaka huu tuliungana, tukachanga kidogo kidogo tangu Januari, na watu kumi na wanne tukapanda basi kwenda Dar es Salaam kukimbia nusu marathoni kwenye mbio kubwa za barabarani, zile za kampuni kubwa zenye tangazo kila redio. Jina lao nakuomba tuliache.

Mwalimu, tulikwenda kitu kimoja, tumerudi vipande viwili.

Tulifika Jumamosi asubuhi, tukasimama juani karibu saa nne tukisubiri namba. Fulana zilizobaki zilikuwa kubwa, dada zetu walizivaa kama magauni. Jumapili tuliambiwa tunaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, tukaanza saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Mbele kidogo, watu wa mbio za kujifurahisha waliingizwa kwenye barabara yetu, wanapiga picha, wanatembea watano watano. Kilomita ya 15 nikakuta meza na chupa tupu. Meza iliyofuata vilevile. Mama mmoja wa kikundi chetu, mfanyabiashara wa maharage, alipata kizunguzungu kilomita ya 18, akashikwa na msamaria asiyemjua hadi kivulini. Aliyemaliza baada ya saa mbili na nusu hakupata medali. Tuliambiwa tutatumiwa, mpaka leo kimya. Na muda wangu haumo kwenye orodha, kana kwamba sikwenda. Tena saa yangu ya mkononi ilionyesha kilomita 21.6, kwa hiyo nadhani hata njia ilikosewa.

Lakini yupo fundi cherehani wa Kasulu aliyerudi anang'aa. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuona polisi wakisimamisha magari ili yeye apite, wala watu asiowajua wakimpigia makofi. Na kijana wetu wa miaka 19 alimaliza kwa saa 1:12, akawaona wakubwa kwa macho yake. Maji hakuyakosa hata mara moja. Sasa anataka kuacha chuo cha ufundi ahamie Arusha akakimbie kwa ajili ya zawadi.

Wengine wanasema kampuni imetugeuza mabango yanayotembea, tena kwa nauli yetu. Nilipolalamikia maji, mwenzangu mmoja akaniuliza, "Fedha za mbio hizi zinakwenda kutibu watoto, wewe unalilia chupa ya maji?" Niliona aibu, nikanyamaza.

Michango ya mwakani imeanza na mimi ndiye katibu, fedha ninazo. Twende tena, au tuzifanyie jambo jingine? Na huyu kijana nimwambie nini?

Katibu, Kibondo

---

Katibu, poleni kwa yote, na mama wa maharage mfikishie salamu zangu za pole peke yake.

Katika kikundi chenu hakuna aliyesema uongo. Hebu tufanye hesabu. Kijana anayemaliza kwa saa 1:12 anapita kilomita ya 15 dakika hamsini na moja tu baada ya kuanza. Kwenu ilikuwa kama saa moja na dakika thelathini na sita asubuhi, jua bado changa. Mtu anayekwenda kilomita moja kwa dakika nane anafika pale baada ya saa mbili, yaani saa tatu kasorobo, jua limeshapanda. Katikati yao wamepita maelfu ya watu, na wengi hubeba chupa mbili, moja ya kunywa na moja ya kujimwagia kichwani. Meza ileile, siku ileile, fedha ileile ya usajili, lakini kijana alikuta maji na mama akakuta chupa tupu. Zile dakika arobaini na tano za kumsubiri mgeni rasmi hazikumgharimu mshindi kitu. Zilimgharimu mama, kwa sababu zilimsogeza kwenye jua kali pamoja na meza kavu.

Ndiyo maana ubora wa mbio mimi siuangalii kwa muda wa mshindi, wala kwa ukubwa wa jukwaa. Nauliza aliyemaliza wa mwisho alikuta nini.

Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuuliza hivyo. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani, akaumia goti na bega, lakini akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, wa hamsini na saba, wa mwisho kati ya waliomaliza, jua likiwa limezama na watu wengi wameshaondoka. Tunapolisimulia jambo hili tunasifu moyo wake, na anastahili. Mimi nataka umtazame pia karani wa muda. Tunajua kwamba Akhwari alitumia 3:25:27 kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye bado amekaa mezani na saa yake inahesabu. Angefunga daftari mapema, tungebaki na hadithi isiyo na namba. Wewe, Katibu, ulikimbia kilomita 21 na karani wako hakukuandika, na una haki ya kuumia.

Sasa tuzungumze juu ya mdhamini, kwa sababu naona mnabishana bila kujua fedha inatembeaje. Ada zenu peke yake hazitoshi kuendesha mbio kubwa. Kufunga barabara, kulipa wahudumu, magari ya wagonjwa, mashine za muda, zawadi za washindi, yote hayo yanategemea mdhamini. Bila yeye fundi cherehani wa Kasulu asingepigiwa makofi katikati ya Dar es Salaam. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza 2003, imeishi miaka yote hiyo ikibebwa na wadhamini, na imewafikisha Watanzania wengi kwenye kilomita 42 ambazo wasingezijaribu popote pengine. Kwa hiyo simchukii mdhamini, nanyi msimchukie.

Lakini yeye ananunua kitu. Ananunua vifua vyenu, dakika za televisheni, na idadi. Baada ya mbio atataka kusikia kwamba walijisajili watu wengi kuliko mwaka jana, na hapo ndipo palipo na hatari, maana kuongeza namba za kifuani ni kazi ya dakika moja ya kompyuta, wakati kuongeza maji ni malori, meza, mikono ya watu na usiku wa kuamkia mbio. Mwandaaji anayebanwa na idadi hufungua usajili zaidi bila kuongeza meza. Piga hesabu: watu 5,000, meza sita, chupa mbili kwa kila meza, ni chupa 60,000. Ukiwasajili watu 7,000 kwa maji ya watu 5,000, watakaokosa ni wale wa nyuma, kila mara.

Wala usidhani ni aibu ya kwetu tu. Tarehe 7 Oktoba 2007, marathoni ya Chicago, mojawapo ya kubwa kuliko zote duniani na yenye benki nyuma yake, iliangukia siku ya joto la nyuzi 31 hivi. Mbele, Patrick Ivuti wa Kenya na Jaouad Gharib wa Morocco walifukuzana mpaka kwenye utepe na Ivuti akashinda kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nyuma yao watu walilalamika kwamba wamekuta meza hazina maji, mamia walizidiwa na joto, mtu mmoja alifariki, na hatimaye waandaaji wakasimamisha mbio wakati maelfu bado wako njiani. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kilichofuata. Watu walisema kwa sauti, magazeti yakaandika, na mwaka uliofuata vituo vya maji viliongezwa na ukawekwa utaratibu wa bendera za rangi wa kumwonya mkimbiaji hali ya hewa inapobadilika. Wangenyamaza kwa kuona aibu, kama ulivyonyamaza wewe, wa 2008 wangeikuta meza ileile tupu.

Nigeukie sasa hiyo aibu, kwa sababu ndiyo iliyoniuma kuliko yote katika barua yako. Mbio nyingi zetu siku hizi zina lengo la kutoa msaada. Zile za CRDB zilianza 2020 zikichangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na za NBC zinazofanyika Dodoma zimechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni kazi ya heri, na kila shilingi inayofika kwa mtoto yule ni halali kuisifu. Lakini mtoto mgonjwa hakukubali kwa niaba yako kwamba mama wa maharage aanguke kwa kiu. Hayo ni madeni mawili tofauti, na kulilipa moja hakufuti la pili. Anayealika watu harusini akawaomba wamchangie yatima bado anatakiwa kuwapa wageni wake maji ya kunawa na chakula. Tena anayeuliza maji hana tofauti na anayeuliza kiasi gani kimefika hospitalini, wote wanataka fedha ifanye kazi iliyoombewa. Mwambie mwenzako hivyo, kwa upole, mbele ya kikundi, ili na wengine waliokuwa wamemeza maneno yao wayatoe.

Mlinunua nini basi? Mlinunua njia iliyopimwa na kuachwa wazi, maji ya kutosha kwa kila aliyesajiliwa, huduma ya kwanza, na muda wenu kuandikwa. Kanuni za riadha za kimataifa zinataka maji yapatikane kila baada ya kilomita tano hivi. Hayo ni ya kudai. Medali iliyoahidiwa kwa kila anayemaliza nayo ni ya kudai, maana ahadi ni ahadi. Fulana kubwa, muziki, hotuba, hayo ni mapambo. Yakiwa mazuri furahini, yakiwa mabaya msipoteze nayo hata sentensi moja ya barua yenu, kwa sababu malalamiko ya fulana huyafunika malalamiko ya maji.

Na lile la saa yako kuonyesha 21.6 liondoe kabisa. Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Mpimaji huisawazisha kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa utepe wa chuma, kisha hufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo kwenye kona, na huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Wewe hukukimbia mstari huo. Ulikwepa watu wa picha, ulikwenda upande huu na huu kutafuta maji, na saa yako ilikuwa ikibahatisha mahali ulipo kati ya maghorofa. Mita 500 za ziada kwenye saa ni jambo la kawaida. Njia huwa zinakosewa kweli: marathoni ya Manchester, Uingereza, iligundulika kuwa pungufu kwa mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015, na huko Bangkok 2015 wakimbiaji wa nusu marathoni walielekezwa vibaya wakakimbia zaidi ya kilomita 27. Lakini hayo yalithibitishwa kwa kupima upya barabara. Mkiweka dai la saa kwenye barua, mwandaaji atalijibu hilo tu, aonekane amemaliza.

Barua yenyewe iwe moja, ya kikundi, ukurasa mmoja. Wekeni namba zenu za kifuani, saa mliyofika kwenye kila meza kavu, kilomita ngapi, picha mlizonazo, na jina la hospitali au kituo kama mama alihudumiwa. Halafu ombeni mambo matatu: muda uliopotea utafutwe kwenye kumbukumbu za mashine au kwenye picha za mwisho, medali zitumwe kwa basi mpaka Kibondo, na maelezo ya maji ya mwakani yatolewe kabla ya usajili kufunguliwa. Ipelekeni kwa mwandaaji, nakala kwa mdhamini, nakala kwa Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa. Nakala ya mdhamini ndiyo inayosukuma mambo, maana huyo ndiye mwenye jina lililoandikwa kwenye ile meza kavu, na hapendi kulisikia likitajwa kwa kiu. Msiseme habari hizi kwenye makundi ya simu tu. Kule watu hucheka, hutuma alama za machozi, na baada ya siku mbili habari imekufa.

Kuna upande wenu pia, na ningekuwa sikutendei haki nikiuruka. Kibondo na Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri yenu ni ya baridi, hewa kavu, jasho linakauka linapotoka. Kinachoupoza mwili ni kukauka kwa jasho, siyo kutoka kwake. Dar es Salaam hewa imejaa unyevu, jasho linateremka mpaka kwenye viatu na mwili unazidi kupata moto. Mwili wa mtu wa nyanda za juu unahitaji siku kumi hadi kumi na nne kuzoea hali hiyo, nanyi mlishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi miguu imevimba kwa kukaa, mkasimama juani saa nne, mkaanza mbio Jumapili. Kwa mwendo mliozoea kwenye barabara ya Mabamba, mlikuwa mnajichoma tangu kilomita ya tatu. Ukiwa na usiku mmoja tu wa mapumziko pwani, ongeza nusu dakika au zaidi kwa kila kilomita tangu mwanzo na uikubali. Pumzi za milimani hazisaidii pale.

Kwa hofu ya kiu pia msije mkageukia upande wa pili. Utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston ya 2002 na kuchapishwa 2005 uliwapima wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na chumvi ya damu iliyoshuka kwa kunywa kupita kiasi, watatu kati yao kwa kiwango cha hatari ya kufa. Walioathirika zaidi walikuwa wale wa mwendo wa polepole, wanaokaa njiani muda mrefu wakinywa kila meza. Kunyweni mnapoona kiu, muache inapokwisha. Anayekimbia zaidi ya saa mbili abebe kichupa chake mkononi, hata kama ameahidiwa mito.

Kuhusu kijana. Saa 1:12 katika umri wa miaka 19, kwenye joto, bila kocha, baada ya safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, ni jambo la kulitazama kwa macho mawili. Sisemi kwa kumfurahisha. Lakini wanaoishi kwa nusu marathoni wanakwenda karibu na saa moja, na kwenye mbio zetu zenye zawadi nzuri wanakuja Wakenya waliokomaa, kwa hiyo zile bahasha alizoziona jukwaani ziko mbali naye kwa dakika kumi na zaidi. Dakika kumi hizo hazifutiki kwa kuhamia Arusha bila kazi, kulala chumba kimoja na vijana wanane na kula mlo mmoja. Alphonce Simbu wa Singida, ambaye Septemba 2025 alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo kwa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba kwenye mashindano ya dunia ya London 2017, akawa wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, wa pili Boston Aprili 2025, ndipo dhahabu. Miaka tisa kutoka Rio hadi dhahabu ya Tokyo, na miaka hiyo alikuwa na ajira jeshini, ana mshahara, ana kikosi. Mwulize kijana atakula nini katika miaka yake tisa.

Basi amalize chuo. Ufundi hauzuii miguu. Akiwa hapo afanye kazi moja ambayo wanariadha wa vijijini huikwepa, nayo ni kupunguza umbali na kuongeza kasi. Akimbie mita 5,000 na 10,000 kwa mwaka mmoja au miwili, siyo nusu marathoni kila anaposikia tangazo. Mara mbili kwa wiki vipande vya mita 1,000 kwa mwendo mkali na mapumziko mafupi, siku nyingine mbio za pole ambazo anaweza kuzungumza huku anakimbia, na siku moja apumzike kweli. Akimaliza chuo na muda wake wa kilomita 10 ukiwa umeshuka chini ya dakika 31, hapo kwenda Arusha kutakuwa na maana, naye atakwenda na cheti mkononi. Wewe uwe karani wake. Andika kila muda, kila tarehe, kila barabara.

Nije kwenye fedha, maana ndiyo uliyoniuliza na naona umeisubiri. Msirudi wote kumi na wanne mwakani. Nauli na malazi ya Dar es Salaam yamekula kiasi ambacho mwanakikundi wa kipato cha chini hawezi kukitoa kila mwaka, na wanaoacha kuchanga huwa ndio wanaoacha kukimbia. Wapelekeni watano au sita, na siyo wale wenye kasi tu. Fundi cherehani aende tena kama anataka, furaha yake ni ya kweli na haihitaji kibali cha waliokasirika. Kwanza fikirieni Dodoma, ambako ukavu wa Julai na mwinuko wa mita zaidi ya 1,100 hautawashtua kama pwani, au Rock City Marathon ya Mwanza, ambako safari yenu inapungua sana. Kabla ya kulipa hata ada ya mtu mmoja, pigeni simu mkaulize meza ya maji ya mwisho inabaki wazi mpaka saa ngapi na muda wa mwisho wa kumaliza ni upi. Mwandaaji anayejua kazi yake atajibu papo hapo. Anayejibu "msiwe na wasiwasi" mpiteni.

Fedha itakayobaki ifanyieni mbio za kwenu. Nasema hivi kwa moyo wangu wote, kwa sababu nyanda zenu za Kigoma zina kila kitu ambacho watu wa pwani wanakisafiria: hewa, vilima, udongo laini, na watoto waliokua kwa mchakamchaka. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mavuno yameingia na barabara hazina matope. Zungumzeni na afisa michezo wa halmashauri na polisi mapema. Chagueni mzunguko wa kilomita tano, mwaka mmoja Kasulu, mwaka mwingine Kibondo, upimeni kwa baiskeli: mita 300 kwa utepe wa chuma, hesabuni mizunguko ya gurudumu, kisha fuateni ukingo. Mzunguko mmoja, miwili, minne, kila mtu na nguvu zake, na kwa njia hiyo meza mbili tu za maji zinawahudumia wote. Maji yachemshwe au yawekwe dawa, yawe kwenye ndoo zenye bomba, kila mtu na kikombe chake, ili msiache plastiki barabarani. Mdhamini mwombeni pia, duka la vifaa vya ujenzi, kampuni ya mabasi, yeyote, lakini idadi ya namba mtakazotoa iamuliwe na aliyehesabu ndoo.

Anzeni na watu mia, siyo mia tano. Anzeni saa mliyotangaza hata kama mgeni rasmi yuko njiani. Atawakuta mnarudi. Karani wa muda akae mezani mpaka jina la mwisho kwenye orodha liwe na tiki, na kama aliyebaki anatembea, mmoja wenu akatembee naye.

Na ile barua ya madai iandikwe wiki hii, kabla ya kikao cha fedha. Waandaaji wakishafunga hesabu za mwaka na kurudisha mashine za muda kwa waliowakodishia, kumbukumbu za kilomita zako 21 zitakuwa ngumu kupatikana.